Tofali Lililokosa Tofali

Jumanne, 4 Machi
Akili imenijia nikiwa bafuni. Shemeji, kaka wa mke wangu, anachoma matofali kwa kuni. Miti inateketea, moshi unatuua, na bado mtaa mzima unamwita fundi! Mimi nitatengeneza matofali mepesi: saruji, mchanga, na lile povu gumu jeupe linalokuja na friji mpya, nikilisaga punje punje. Taka zinaisha, miti inapona. Mama mkwe anataka kujengewa chumba, na Jumamosi atachagua tofali la nani. Mke wangu kasema nikishindwa na hili pia, naenda kubeba matofali kwa kaka yake. Mimi! Nimbebee yule!

Jumatano, 5 Machi
Nimeomba povu kila duka la friji. Nimelikwaruza kwa kile kifaa cha karoti cha mke wangu. Hajui. Punje zimeingia kwenye nywele, kwenye chai, hadi masikioni. Tofali la kwanza nimelinyanyua kwa vidole viwili! Nikawaza: saruji ndiyo nzito, na ndiyo inayotoa moshi kiwandani. Nikaipunguza. Raha iliyoje! Nikaipunguza tena.

Ijumaa, 7 Machi
Upepo. Sikuwa nimefunga magunia ya punje. Mtaa mweupe, mtaro umeziba. Jirani kaniuliza kama haya ndiyo mazingira niliyokuwa nikihubiri. Nikamjibu kila jambo jema lina mwanzo mgumu. Kuku wa mama mkwe wanadonoa punje wakidhani ni mchele. Nimewafukuza kwa ufagio, na ufagio huohuo ukazidi kuzirusha. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Namchukia.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya siku. Mama mkwe alinyanyua tofali la shemeji, akaguna. Akanyanyua langu, akatabasamu, akasema kumbe mkwe wake ana akili. Moyo wangu paa! Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo wangu huu! Nikamwomba alikalie, aone lilivyo imara.
Akalikalia.
Hakuumia, namshukuru Mungu. Ila alipoinuka, gauni lake lilikuwa limejaa punje nyuma yote. Akamwambia shemeji aanze kazi. Mimi akaniambia taratibu kwamba tofali langu wepesi linao, limekosa tofali. Mke wangu alienda ndani kucheka. Nilimsikia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimebeba matofali kutwa. Mgongo si wangu. Shemeji ananiita fundi mbele ya watu, makusudi kabisa. Lakini mwenye macho haambiwi tazama! Punje zangu zikiingia kwenye udongo wake, moto utaziyeyusha, zitaacha vitundu, na tofali litakuwa jepesi. Tena wote watanishukuru. Alipokwenda kula, nikamwaga gunia zima, nikakanda vizuri.
Moshi wa povu sijui ukoje. Tutauona tanuri likiwashwa. Bahati nzuri upepo unaelekea kwa mama mkwe, kwa hiyo yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua.