Treni Inayosimama Darajani

Roquemaurelle, tarehe 9 Juni

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Treni ya Mandhari,

Kwa heshima na kwa masikitiko makubwa, nakutangazia rasmi kwamba Alhamisi iliyopita, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, nilipigwa picha nikila jibini. Sikuombwa ruhusa. Mdomo ulikuwa wazi.

Sina ugomvi na treni yako. Ni nzuri, ina madirisha mapana, na mabehewa yake yamepakwa rangi ya siagi. Nina manung'uniko machache tu, nayo nimeyapanga kwa namba ili karani wako asipate taabu.

1. Treni husimama dakika sita juu ya daraja, mita hamsini juu ya vichwa vyetu, ili abiria wakipige picha kijiji. Kisha inaondoka na kuipita stesheni yetu bila hata kupunguza mwendo. Stesheni ipo, Bwana Mkurugenzi. Ina benchi, ina saa, na maua yake nayamwagilia mimi. Inakosa kitu kimoja tu, treni.

2. Kipaza sauti. Sisi huku bondeni tunakisikia vizuri kuliko abiria wako. "Mabibi na mabwana, kushoto kwenu, wakazi wa hapa bado wanaishi maisha ya zamani!" Bi Apolline, jirani yangu mfuga mbuzi, siku hiyo alikuwa akibishana na kampuni ya bima kwa simu. Aliishusha simu, akatazama juu, akapaza sauti: "Ya zamani ni hiyo suruali yako, mpumbavu wee!" Abiria walimpigia makofi. Nadhani walidhani ni wimbo.

3. Barua yako ya Aprili, inayotuomba tupunge mikono "kwa hiari na kwa furaha", na kumtaka Fernand, jirani yetu mfuga ng'ombe, aondoe turubai la buluu juu ya nyasi zake kwa sababu linaharibu picha. Fernand anauliza, kwa lugha ambayo siwezi kuiandika, kama unataka ng'ombe wake wale picha.

4. Mke wangu, Huguette. Tangu majira ya baridi yuko katika nyumba ya wazee ya Saint-Avizan, kilomita ishirini na mbili kutoka hapa. Mimi nimekatazwa na daktari kuendesha gari kwa sababu ya macho. Namtegemea Fernand, naye ni mtu mwema mvua ikinyesha. Jua likiwaka ni, "Leo nakata nyasi, Léonce. Wiki ijayo." Mwaka huu, Bwana Mkurugenzi, tumejaliwa jua zuri sana.

Treni yako inafika Saint-Avizan kwa dakika ishirini na tano. Inapita chini ya dirisha la Huguette. Mara ya mwisho nilipomwona, yapata wiki tano sasa, aliniuliza: "Léonce, treni inapita hapa kila siku. Mbona wewe huimo?"

5. Nilipiga simu ofisini kwako. Binti mmoja mwenye sauti tamu akanijibu: "Baba, treni hii si ya kwenda mahali. Ni ya kutazama." Nikamwambia basi niuzie tiketi ya kutazama, nitakaa dirishani na nitashangaa kila inapobidi, hata nikiiona nyumba yangu mwenyewe. Akasema inawezekana kabisa, ila nipandie mwanzo wa safari, kilomita thelathini na moja upande wa pili. Akaniuliza kama nina gari.

Kwa hiyo naomba dakika moja ya treni kusimama stesheni kwetu. Ichukue katika zile sita za darajani; kijiji kitapigwa picha kwa tano na hakitalalamika. Nisipojibiwa ifikapo tarehe mosi Julai, Roquemaurelle nzima itaipa treni mgongo. Fernand atafunika kanisa kwa turubai. Bi Apolline naye ameahidi kwamba upande atakaowageuzia abiria hautafaa kuwekwa katika albamu ya familia.

Tafadhali pokea, Bwana Mkurugenzi, hisia zangu za heshima ya juu kabisa, yaani za kimo cha lile daraja. Nisalimie dereva, anayepiga honi kwa adabu. Na binti wa simu. Na yule mama wa kofia ya manjano, behewa la tatu, aliyenipungia mikono yote miwili. Nilimpungia pia.

Wako mtiifu, na sehemu ya mandhari yako,
Léonce Vidalenc

Tanbihi: Bwana Meya ameisoma barua hii na kunitaka niongeze jambo moja, kwa ajili ya ukweli. Treni ya kawaida ilisimama hapa mara tatu kwa siku kwa miaka arobaini na moja. Mwezi ule wa mwisho kabla haijafutwa, walipokuja kuhesabu abiria wa Roquemaurelle, walimpata mmoja tu, Huguette. Mimi nilikuwa na gari.