Turubai la Machungwa Juu ya Shimo la Shule

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Sijawahi kumwambia mtu: napenda sana kujua jambo ambalo wenzangu hawalijui. Kuliko hata ndizi za kukaanga. Ndiyo sababu nilikubali kuwa shefu wa darasa, yaani kiranja, mimi Akram, ambaye nikiulizwa jina mbele ya watu natazama viatu.

Leo nimepewa siri ya kwanza! Mama Honorine, prefe wetu, yaani mkuu wa shule, kaniita ofisini. Shimo linalochimbwa nyuma ya madarasa ni la vyoo vya wasichana. Wameviomba tangu mwaka jana; hadi leo huvuka barabara kuomba choo kwa majirani. Lakini nisiseme neno mpaka saruji ifike. Mwaka jana prefe aliahidi rangi ya kuta, rangi haikuja, na wazazi bado wanamcheka.

Nimeapa. Kitabu cha uraia kinasema kiongozi hulinda utulivu wa raia. Nitaulinda mpaka uchoke!

Naomie, aliyeandika ombi la vyoo, huketi mbele yangu. Najua kitakachomfurahisha, naye hajui kwamba najua. Utamu!

Jumanne, tarehe 7

Watu wanauliza. René, naibu wangu, ambaye anakitaka cheo changu, kasimama mbele ya darasa zima: "Shefu, kule nyuma banachimba nini?" Nimetabasamu kama waziri. Nimesema suala hilo liko mezani. Akauliza meza gani. Nikatazama viatu.

Tatizo: shimo linaonekana. Ndipo likanijia wazo zuri kuliko yote ya maisha yangu! Baba huendesha lori la mizigo kwenda Kasaji, na turubai lake la rangi ya machungwa limelala uani bila kazi. Nimelifunga kwenye baiskeli, nimelileta. Mama Prefe alikuwa na haraka, akasema sawa. Shimo limetoweka! Hakuna atakayeona kitu!

Jumatano, tarehe 8

Kila mtu ameona.

Nilisahau tunaishi wapi. Hapa Kasulo mtu akichimba choo, anachimba waziwazi na jirani anamtania. Akifunika kwa turubai la machungwa, basi amepata madini ya kobalti chini ya sebule yake. Kila mtoto anajua. Mimi mwenyewe najua! Nimezaliwa hapa!

René kapanda juu ya benchi: "Prefe na shefu banakula kobalti ya masomo!" Yaani ya shule yetu. Nimetangaza kwamba ni shimo la takataka. "Bongo!" wakapiga kelele kwamba nadanganya. "Takataka inafunikwaka na turubai?" Swali zuri. Nimejibu kwamba ni takataka za thamani. Haikusaidia.

Mchana wachimbaji wawili wamekuja na nyundo kuuliza kama tunaajiri.

Alhamisi, tarehe 9

Naomie ameniongelesha! Mara ya kwanza tangu mwaka wa masomo uanze! Kaniita msaliti.

Kasema wasichana wameomba choo, na wakubwa wamejichimbia kobalti. Kesho atakuja na wazazi kulifukia shimo lote. Maana yake: nisiposema, choo cha Naomie kitafukiwa na Naomie mwenyewe. Nikisema, kiapo changu kimekufa. Nilifungua mdomo. Nikamwambia hali imedhibitiwa.

Akaenda zake kuazima beleshi.

Ijumaa, tarehe 10

Wamekuja! Asubuhi uwanja umejaa wazazi na mabeleshi. Wachimbaji nao, na magunia matupu, wakiomba waachiwe wachimbe kidogo kabla ya kufukia. Mama Prefe hayupo: amekwenda kufuata saruji! Naomie mbele ya wote. Nikasimama kati yake na shimo, mikono nimeitandaza. Nikasema turubai lisiguswe, kwa usalama wa taifa.

Walicheka hadi mbwa wa jirani akabweka.

Hapo honi ikalia. Lori la Baba! Magunia ya unga yamepakiwa, wingu jeusi juu, na turubai hakuna. Dada yangu mdogo Nuru kamwambia lilipo. Baba hakuuliza habari za kobalti wala za taifa. Kasema tu, "Akram, turubai yangu!" Akalivuta.

Ndani: fundi Kalumba, anayelichimba shimo, kivulini, anatafuna muhogo. Nilikuwa nimemwomba asitoe sauti, na jamaa ni mwaminifu. Pembeni yake, bamba la zege lililonunuliwa tayari, lenye tundu katikati. Tundu lile halihitaji maelezo.

Vigelegele vya wasichana! Mama yake Naomie kacheka hadi akaketi chini. Mchimbaji mmoja kachungulia, kasema udongo wenyewe hauna kitu, akakunja gunia. Mvua ikaanza, na hakuna aliyekimbia: yale mabeleshi ya kufukia yakachimba mfereji kuzunguka shimo ili maji yasiingie.

Naomie, matope hadi magotini, kanitazama. "Weye Akram! Ungesema Jumatatu, tungekusaidia kuchimba."

Tungekusaidia! Yaani mimi na yeye, beleshi kwa beleshi! Nimefurahi kupita kiasi.

Jumamosi, tarehe 11

Saruji imefika. Nimetafakari na kosa nimeliona: rangi. Turubai lingekuwa la bluu, hakuna ambaye angeshuku.

Mama Prefe kaniita. Kasema kuanzia leo kila jambo litangazwe papo hapo, kwa kuwa siri nusura itupotezee choo. Nimekubali kwa moyo wote. Kisha kanipa tangazo: kuanzia kesho jioni mabomba ya mtaa hayatakuwa na maji. Niwaambie wanafunzi kabla hawajatoka, ili wazazi wateke mapema.

Nilisimama mbele ya darasa. Wote walikuwa wanacheka, hata René. Kwa nini niwaharibie? Wangekimbilia bombani na kusukumana. Utulivu wa raia! Nikawatakia Jumapili njema.

Halafu nilikwenda nyumbani mbio. Nilijaza maji bidoni zetu zote za plastiki, ndoo, na sufuria ya pilau. Bidoni moja niliifunga kwenye baiskeli nikaipeleka kwa akina Naomie. Aliuliza ni ya nini.

Nikatabasamu kama waziri.