Mzimu wa Bibi Mwanapopo

Jumatatu, 12 Januari 2026. Majoreni.

Alhamdulillahi! Kampuni imekipenda kiwanja changu cha mwambani, kile ambacho hata mbuzi hukipita bila kukitazama. Watajenga jumba la data. Si la kukaa watu. Ni la mashine tupu, zinazotunza picha na maneno ya dunia nzima, na zinashikwa na joto mpaka zipoozwe kwa maji. Amenieleza Menza, mpima ardhi, kijana mpole kutoka Ukunda. Amesema pia kuna kanuni mpya za majumba haya, na kifungu kimoja kimekwisha kupita: mahali patakatifu paheshimiwe, na mlinzi wake ashauriwe.

Mlinzi! Nimelirudia neno hilo njia nzima. Kodi ya kiwanja ni nzuri. Kodi na mshahara wa mlinzi, nzuri zaidi. Kasoro moja tu: kiwanjani hapana patakatifu.

Jumanne, 13 Januari.

Sasa papo. Pango dogo la popo, vitambaa vitatu, chekundu, cheupe na cheusi, chungu kilichopasuka, ubani, na marashi ya mke wangu Twaiba. (Ameyatafuta asubuhi nzima. Nimemsaidia kutafuta.) Mzimu nimeupa jina: Bibi Mwanapopo. Nilipomaliza niliogopa kuupa mgongo. Kazi nzuri, Kibwana!

Alhamisi, 15 Januari.

Menza alivua viatu, akapiga picha. Nikajitambulisha kuwa ndimi mlinzi. Hapo akatokea Mzee Mangi, mzee wa kaya, ule msitu wa matambiko, anayeujua kila mzimu kutoka hapa hadi Vanga. Nikajua nimekwisha. Akachungulia pangoni, akanusa. Kisha akasema, "Babu yangu alikuwa akimtaja huyu."

Akimtaja! Mzimu hata wiki haujatimiza, tayari una ukoo.

Alasiri wakaja kina mama na halua na nadhiri zao. Nilijificha nyuma ya jiwe. Twaiba naye alikuwemo! Amemwomba Bibi Mwanapopo ampatie mumewe kazi ya maana kabla hajazeeka kabisa. Walipoondoka niliionja halua. Tamu.

Jumatatu, 19 Januari.

Balaa. Menza ameleta ramani mpya, anatabasamu kama aliyeleta sadaka. Kampuni imeuheshimu mzimu: imeuhama! Nikauliza, na mlinzi je? Akasema mlinzi ameshauriwa, si ndiyo hivi tunaongea?

Jumba sasa litakuwa kwenye shamba la yule tajiri wa Mombasa asiyekanyaga huku, ua kwa ua na bustani ya dada yangu Biasha. Kisima cha kampuni kitachimbwa karibu na chake. Nikauliza kanuni zinasemaje juu ya visima vya watu. Menza akakuna kichwa. Kifungu cha visima bado kinajadiliwa.

Yaani bibi niliyemzua mimi analindwa na sheria. Maji anayokunywa dada yangu, bado.

Jumatano, 28 Januari.

Wamechimba. Wamejaribu pampu yao mchana kutwa. Kisima cha dada alikichimba marehemu baba, nacho ndicho kinachonywesha mchicha na bamia anazouza sokoni. Hana kazi nyingine. Leo ndoo ilipanda na matope, halafu na maji ya chumvi. Maji matamu yakivutwa, bahari huingia. Aliyaonja, akatema, akayaonja tena, kama anayeyapa nafasi ya kujirekebisha.

Kisha akanikatia fungu la mchicha. "Chukua, Kibwana. Mwambie Twaiba aupike leo leo, kesho utakuwa umeungua kwa chumvi."

Sikuweza kula. Kwa kweli nilikula, lakini kwa huzuni.

Jumanne, 3 Februari.

Baraza la maoni, skuli. Dada alisimama, akawaamkia wazee shikamoo, akasema yeye hazipingi mashine. Anauliza tu: mashine zikishikwa na kiu zina kampuni, yeye akishikwa na kiu ana nani?

Nikasimama. Sikuwa nimepanga, na kwangu hilo ni jambo geni. Nikasema mzimu ni uongo, nimeutengeneza kwa mikono hii, jumba lirudi mwambani kwangu, mbali na kisima cha mtu. Baraza likaguna. Mzee Mangi akasema kwa upole kwamba mlinzi akila sadaka ya mzimu huchanganyikiwa. Nani alimwambia habari ya halua? Kina mama wakaanza kuniombea dua. Twaiba kwa sauti kuliko wote.

Dada peke yake aliniamini. "Namjua ndugu yangu," akasema. "Akisema uongo maneno yanateleza kama bamia. Leo mmemsikia anavyokwama." Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Afisa wa serikali aliyeendesha baraza akajibu kwamba mzimu umeshathibitishwa na wazee, ramani haibadiliki. Kifungu cha visima kitapitishwa, inshallah. Kwa majumba yatakayofuata.

Jumatano, 4 Februari.

Dada alipita na mkokoteni wa madumu, anatoka bombani msikitini. Nikatoka kumsukumia. Angenitukana ningepata nafuu. Aliuliza tu kama Twaiba hajambo. Bustanini akawa anaupa kila mche kikombe kimoja, kama mtu anayenywesha wagonjwa. Mingine aliiruka. Nikaapa moyoni: hila basi, Kibwana. Basi!

Wakati wa kurudi nilipita ua wa tajiri. Shamba tupu, magugu, hakuna mtu. Nikakumbuka Menza aliwahi kunisomea kifungu kingine kilichokwisha kupita: makaburi hayajengewi. Makaburi!

Marehemu nimeshampata. Mwanachuoni, mcha Mungu, alikufa zamani sana, hakuacha mtoto wa kuulizwa. Mawe yapo tele. Dada simwambii. Nataka iwe zawadi.