Maji Yatarudi Shotli

"Wakazi wa Kinondo mnatangaziwa kwa fahari kuu kwamba imeundwa kamati ya kutafuta maana, asili na matumizi ya neno la Kiingereza 'shortly'!"

Ndivyo kilivyonguruma kipaza sauti juu ya gari la Idara ya Maji na Maelezo, na Bwana Sanga aliyekishika akajihisi mtu wa maana.

Haja ilikuwepo. Mifereji ya Kinondo ilikauka kabla ya Ramadhani, Idara ikabandika karatasi: "Water will be back shortly." Watu wakangoja hadi karatasi ikapauka. Ndipo Bi Twaiba, mwenye mgahawa pale kijijini, alipofunga safari mpaka ofisini.

"Shikamoo, mama," Sanga alimwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, hiyo shotli yenu ni lini? Maji ya mkokoteni yanimaliza. Yasiporudi ya mfereji wiki hii, nafunga mgahawa."

Sanga akatafakari. Mwananchi ameuliza swali la lugha, na swali la lugha halijibiwi kwa maji.

Kamati ikaketi katika hoteli moja ya Galu, ambako maji yalikuwa mengi hata ya kuogelea, ili wajumbe wapate utulivu wa fikra.

"Jamani, si iko wazi?" alianza Jemima, mjumbe kutoka bara. "Short ni fupi. Maji yatarudi kwa ufupi."

"Kwa ufupi vipi?"

"Yanakuja kidogo, yanakatika."

"Siyo hivyo," alipinga Salimu, fundi wa pampu aliyevishwa tai siku hiyo. "Shotli yatokana na shoti ya umeme. Pampu imepiga shoti."

Sanga akashtuka. "Imepiga?"

"Haijapiga. Lakini neno latabiri."

Mzee Mwero wa Msambweni akakohoa. "Kwetu sisi shoto ni mkono wa kushoto. Na maji ya mkono wa kushoto, kazi yake twaijua sote. Tusiendelee, chai yaja."

Baada ya chai nyingi, maana ikapitishwa: Shotli ni muda ambao mwenye maji huungoja ameketi, na asiye nayo huungoja amesimama. Sanga nusura alie. Hata Waingereza wenyewe hawakuwahi kuifikisha hapo.

Uzinduzi ukafanyika Kinondo, mbele ya mgahawa wa Bi Twaiba, maana hiyo ikiwa imeandikwa kwenye bango kubwa. Mkurugenzi wa Idara alikuja mwenyewe, suti nyeupe pe. Kwanza pilau na mchuzi, hotuba baadaye. Akala kwa mkono, mtoto wa pwani halisi, mpaka mchuzi ukamfika kwenye kifundo cha mkono.

"Mama, maji ya kunawa."

"Yatakuja shotli, mheshimiwa."

Sanga akapiga makofi. Matumizi sahihi kabisa!

Mkurugenzi akabaki mkono juu. Nzi wakawasili, nao hawakuwa na kadi ya mwaliko. Mchuzi ukaanza safari ya kuelekea kwenye mkono wa suti.

"Mama, hiyo shotli ni lini?"

"Kwani hukuketi, baba?"

"Nimeketi."

"Basi ngoja. Wenzio twangoja tumesimama."

Mchuzi ukagusa suti. Mkurugenzi akamgeukia fundi kwa hasira. "Salimu! Nenda kafungue hiyo koki sasa hivi!"

"Ipi, bosi? Ile tuliyoifunga ili hoteli zipate presha?"

Kipaza sauti cha hotuba kilikuwa mbele yao, kimeshawashwa. Kijiji kizima kikasikia, na waliokuwa shambani wakasikia.

Wanawake wakaenda kuchukua ndoo. Salimu naye, kwa kuwaona wanavyomtazama, akapiga shoti mpaka kwenye koki, tai ikimpepea begani. Mfereji ukakohoa, ukatema kutu, kisha ukaanza kutoa maji.

Mkurugenzi akajongea na mkono wake.

"Foleni, baba," Bi Twaiba alimwambia kwa adabu zote, ndoo yake ikijaa. "Yaanzia kule."

Akaenda kusimama nyuma ya ndoo ya mwisho, mkono juu kama mwanafunzi, na hakuna aliyemuuliza ana swali gani.