Brigitte wa Ruashi na Kiboko Aliyesafirishwa hadi Kasomeno

Sogezeni viti, enyi watu wa Ruashi. Zimeni redio, tueni ndoo, na anayekaanga mikate aiepue kwanza, kwa maana ni habari ya Brigitte, binti wa mfanyakazi wa reli, mwalimu mstaafu, mlinzi wa albamu, aliyempelekea mtu asiyemjua stempu moja, ndogo kuliko kiganja cha mtoto mchanga, nayo ikafika.

Mtu huyo aliitwa Rigobert, mwenye duka la dawa Kasomeno, kwenye njia ya Kasenga. Walijuana katika kikundi cha simu cha wakusanyaji wa stempu za kale, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Wakapatana wabadilishane: Rigobert atoe stempu yake ya korongo, Brigitte atoe ya kiboko wa buluu, ambaye Rigobert alikuwa amemtafuta tangu ujana. Likabaki swali linaloangusha mapatano mengi: nani atangulie kutuma? Rigobert akatangulia. Ole wake, korongo alisafiri katika bahasha isiyo na kinga ndani ya mfuko wa suruali ya dereva, akaingia mjini kwetu Lubumbashi amekunjwa katikati, shingo imevunjika.

Antoine, mume wa Brigitte, seremala mwenye ulimi mkali kuliko randa yake, akaamua kesi palepale. "Haki iko haki. Na kiboko aende mu enveloppe, avunjike mugongo, mukuwe sawa."

Brigitte akainuka, akafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akanena kama anenaye mbele ya mataifa. "Antoine, sikia. Ule muntu hanijue, na alinitumainia mbele. Kama kintu yake iliharibika, ni njia ilikosa, haiko yeye. Kiboko yangu atafika namna alitoka hapa, na meno yake yote ya pembeni mwa karatasi, na gundi yake yote ya nyuma."

Basi akamvika kiboko silaha. Hakumgusa kwa vidole, maana jasho la mtu ni adui wa karatasi. Alimwinua kwa kibanio, akamlaza katika kifuko kinachoonyesha kilichomo, akamweka baina ya kadi mbili ngumu, akazifunga kwa plastiki dhidi ya mvua. Wengine wangekoma hapo. Brigitte hakukoma. Alitwaa mbao nyembamba alizoziandaa Antoine kwa kabati la mteja, akaamuru zikatwe, naye Antoine akazikata akinung'unika na kuzikaza kwa skrubu. Alipasua godoro la mgeni, akatoa sponji. Mwisho ngome yote ikaingia katika katoni ya televisheni, ikazungushiwa utepe wa kunata hata ikang'aa kama samaki.

Juu yake aliandika nini? Hapo alifikiri sana. Akiandika "kitu cha thamani", amewaita wezi. Akiandika "biskuti", amesema uongo, naye ni mwimbaji wa kwaya. Akaandika: KARATASI. USIKUNJE.

Kwenye stoo ya magari ya Kasenga alikaa Chisanga, mpokea mizigo, mtu mnene asiyeshangazwa na lolote. Aliinua katoni, akashangaa. "Mama, televizyo yenu iko mwepesi."

"Haiko televizyo. Ni timbre moja."

"Timbre moja." Chisanga akaizunguka katoni ya stempu moja polepole. "Nilipokeaka maiti ya chifu mu sanduku, mama. Hakuvaaka namna hii."

Alipotaka kuitia chini ya magunia ya unga, Brigitte akasimama mlangoni pa gari. "Baba Chisanga, mimi nilifundisha batoto ya hii commune ya Ruashi miaka mingi, na sikuchoka. Leo pia sitachoka. Mutapakia unga, mutapakia mafuta, na mimi niko hapa."

Chisanga akamtazama, akayatazama magari yanayopiga honi nyuma, akasalimu amri. Katoni ikaketishwa kando ya dereva, ikafungwa mkanda, ikaondoka kama abiria.

Kesho yake simu ikalia. Katika kioo akaonekana Rigobert, mzee mwembamba mwenye miwani, akiwa na panga mkononi.

"Mama Brigitte, ninafungua."

"Tata Rigobert, weka ile panga chini."

Hivyo vikaanza vita vya kuifungua ngome. Mkewe Rigobert alivuta utepe, jirani akashika pembe, Antoine akaelekeza skrubu akiwa Ruashi, naye Brigitte akakataza kila mkono uliokwenda haraka. Sponji ikatoka, mbao zikatoka, kadi zikafunguka. Rigobert akamwinamia kiboko, miwani ikikaribia kumgusa.

"Meno yake yote iko," Rigobert akasema. Kisha akauliza, "Na korongo yangu? Ilifika muzuri?"

Brigitte akaitazama albamu, ambamo korongo alilala chini ya kitabu cha misa ili anyooke, na mkunjo wake ungali ukionekana. Antoine naye akamtazama Brigitte, ulimi ukingoja.

"Ilifika, tata. Nimeiweka pahali pa muzuri."

Antoine akaumeza ulimi wake, akaenda kutafuta mbao nyingine kwa kabati la mteja.

Na ikumbukwe hivi na vizazi vya Ruashi: wako wafalme waliovusha majeshi wakafika na nusu. Brigitte alimvusha kiboko mmoja, wala hakupungukiwa na jino.