Benchi la Mama Shiku na Wakwe wa Dedan

Ijumaa, kwenye kibanda cha chai cha Mama Shiku, redio ilituchekesha mpaka chai ikatutokea puani. Ati ofisi moja huko mbali imenunua viti vipya, mgeni wa heshima akakaa, kiti kikalala chini, na mheshimiwa akamalizia hotuba akiwa sakafuni!

"Kiti haina makosa," akasema Kahiga, tunayemwita Lori kwa sababu ya mwili. "Mtu ndiye alikuwa mzito."

"Wewe umekalia benchi yangu miaka yote hapa Chaka. Umewahi anguka?" Mama Shiku akamjibu akimwaga majani ya chai.

Awil ni mnunuzi wa mbuzi, tunamwita Meno kwa sababu halipi mpaka afungue mdomo wa mbuzi achungulie. "Hao walinunua manyoya," akasema. "Mimi sinunui manyoya."

Tulicheka wote isipokuwa Dedan. Pikapu yake ilikuwa imeegeshwa hapo mbele, imebeba sofa mpya ya kijivu, nailoni bado haijatolewa. Kesho yake watu wa Wendy, mchumba wake, walikuwa wanakuja kuona boma ambamo binti yao angeolewa.

"Dedan, umeipindua hiyo sofa?" nikamuuliza.

"Kupindua ya nini, buda? Cheki velvet hiyo! Fundi ameniapia ni mahogani."

"Na uncle ya Wendy si ni seremala huko Kianyaga? Huyo mzee hakalii kitu kabla aone chini yake."

Meno alikuwa ashapanda pikapu. Akabonyeza mgongo wa sofa, akapapasa mbavu, akainua pembe moja ya mbele.

"Ukiinua mguu hii, ile ingine ifuate mara moja. Sasa ona, imebaki chini inafikiria."

Tukaishusha, tukaipindua, tukachana kitambaa cha chini. Ndani hapakuwa na ubao wa maana, ni kreti zimeshikanishwa kwa pini za stepo, na stika moja bado imeng'ang'ana.

"Mahogani yako imeandikwa avokado," Meno akatangaza.

"Wacha nijaribu, pengine iko na roho," Lori akasema, akajitupa.

Kraaak! Akazama mpaka mabegani. "Nitoeni! Lakini haki ni laini!"

Nilicheka nikashikilia ukuta. Kisha nikamwona Dedan amejishika kichwa, macho yamelowa, nikamwonea huruma kweli.

"Nimekwisha. Watasema nataka kuweka mtoto wao kwa kreti."

Mama Shiku akaweka sufuria chini. "Inukeni nyote. Hii benchi ni ya mutarakwa, ule mwerezi wa mlimani, baba mkwe wangu aliitengeneza. Miguu imeingizwa kwa tundu ikakazwa na kabari, hakuna msumari hata moja. Weka vitambaa juu, Dedan. Jumapili irudi."

Benchi likaenda, nasi tukalifuata. Tungekaa wapi?

Jumamosi yule mzee wa Kianyaga aliingia na mkongojo wake, akavipita viti vya plastiki bila kuvisalimia. Akaondoa vitambaa, akalipindua benchi, akapitisha kidole gumba kwenye maungio. Dedan alikuwa anatoka jasho kama aliyekula pilipili.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya... watu wetu, mzee."

"Watu wanaokaa juu ya kitu kama hii, hao ni watu. Mtoto wetu ataketi hapa."

Ngemi, vile vigelegele vya akina mama, zikapasua mabati! Lori akacheza mpaka akakanyaga sahani, Meno akamkumbatia Dedan, na Mama Shiku akapiga ngemi kuliko mama mzazi.

Mzee akainua mkono. "Mbuzi wa mahari mtaleta pole pole. Lakini hii benchi tunaenda nayo leo."

Ngemi ya Mama Shiku ikakatikia katikati, mdomo ukabaki wazi. Sasa nani humnyima mkwe? Sisi wenyewe ndio tuliolifunga juu ya gari lao.

Kwa hivyo ukipita Chaka leo utatukuta palepale, tumeketi juu ya mabaki ya sofa ya Dedan, kila mtu na kreti yake. Lori peke yake ndiye anakunywa chai akiwa amesimama.