Alama ya Siri Kwenye Blogu ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Karani amepata kazi kwingine. Kiti chake kiko wazi. Meza, feni, kabati lenye funguo! Miaka minne naosha magari ya shule hii ya udereva na kupanga koni. Shangazi, mwenye shule, anasema atakayeanzisha blogu ya shule kufikia Ijumaa, kiti ni chake. Tuko wawili: mimi na mwalimu tunayemwita Breki. Breki akasema ataweka picha kwa simu. Nikasema wataalamu hawashiki hata kipanya cha kompyuta, wanaandika amri. Shangazi akauliza amri gani. Nikajibu, za kitaalamu. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumanne, 4 Machi
Fundi wa kompyuta ameniwekea programu. Dirisha jeusi, kijistari kinapepesa, kitufe hakuna. Makala unaiandika ndani ya alama zenye mabano ya ncha. Ukifungua alama, lazima uifunge. Kisha unaandika amri, blogu inatoka. Programu ikasema kosa, mstari wa tatu. Nikaufuta. Kosa, mstari wa pili. Nikaufuta. Nimebaki na ukurasa mtupu na programu hailalamiki tena. Nadhani ni maendeleo.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia fundi. Kumbe kuna aya niliifungua nikaiacha wazi. Nimefunga aya, nimefunga vichwa, nimefunga na mlango wa ofisi. Imekubali! Fundi akaongeza jambo la ajabu: lugha hii ya alama haina mpaka, alama naweza kujibunia mwenyewe, jina lolote, mradi tu... Hapo nikakata simu. Nilishaelewa. Nimebuni yangu: <siri>. Kitakachokaa ndani yake, msomaji hatakiona. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemsifu Shangazi hadi vidole vinauma. Lakini moyo nao una haki yake, kwa hiyo ya moyoni nimeyatia ndani ya <siri>: kwamba Shangazi alifeli mtihani wa udereva mara tano, na kwamba Breki hufumba macho kwenye kona. Nimeandika amri, nimebonyeza. Sikufungua ukurasa kuukagua. Anayejiamini haangalii nyuma.

Ijumaa, 7 Machi
Wanafunzi wamejazana kwenye simu moja. Mmoja akaniuliza kama kweli ni mara tano. Amejuaje?

Shangazi akaniita. Blogu mbele yake, kila neno peupe. Kilichofichwa ni lile neno siri tu! Nikampigia fundi. Akasema alama niliyobuni haijui kazi yake mpaka niifafanulie programu. Isipoijua, huitupa alama na kuyaacha maneno. Nikauliza mbona hakusema. Akasema alisema, mimi ndiye sikuwepo.

Shangazi hakufoka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mara zote tano ni mimi niliyemsindikiza, na alijua siri yake iko salama kwangu. Iliniuma. Kweli iliniuma. Funguo za kabati amempa Breki. Mimi nimepewa hadi kesho adhuhuri niombe radhi kwenye blogu ileile, la sivyo hata koni nizisahau.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeomba radhi. Nimeandika huku machozi yananitoka. Nimemwita Shangazi mama yangu wa pili, na sikutia chumvi hata kidogo.

Ila Breki alipita dirishani akichezesha funguo, na mimi ni binadamu. Nimeongeza aya mbili juu yake. Na moja fupi juu ya Shangazi, kuhusu upendeleo, na jinsi anavyoegesha gari hadi leo. Lakini kosa nimelirekebisha. Ile alama ilikuwa dhaifu, mtu yeyote angeona. Sasa nimebuni <siri-kabisa>, na nimeifunga mara mbili. Programu ikakataa ile ya pili, nikaitoa. Nimebonyeza.

Shangazi yuko chumba cha pili, anasoma. Sasa ananiita, kwa jina langu, la baba na la babu.

Ameguswa.